Nafasi ya Ngobyi

Siku niliyoripoti kazini Mbuba, wilayani Ngara, nilivaa suruali ya kuazima kwa kaka yangu, nikitumaini kukabidhiwa koti jeupe. Koti sikuliona. Mkuu wangu wa kwanza, Bwana Afya wa Tarafa, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso, kisha akanipeleka nyuma ya zahanati. Pale ukutani ilikuwa imeegemezwa baiskeli nyeusi ya Kichina, nzito, yenye breki za chuma na keria pana.

"Unajua kuziba pancha?"

"Najua, Bwana Afya."

"Vizuri. Kuchoma sindano utafundishwa na muuguzi, si kazi kubwa. Kufika juu kule na chanjo iliyo hai, hiyo itakuchukua miaka."

Nilidhani ananitania, maana alikuwa mtu wa utani. Baadaye nilielewa kwamba siku ile alikuwa amesema kweli tupu.

Kazi yetu iliitwa huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto kule ambako zahanati haipo. Asubuhi ya siku ya kliniki nilitoa vichupa vya chanjo kwenye jokofu la mafuta ya taa, nikavipanga ndani ya boksi baridi huku pakiti za barafu zikivizunguka pande zote, nikatia kipimajoto katikati, nikafunga kifuniko. Boksi nililifunga kwenye keria kwa raba za tyubu kuukuu, kwa sababu kamba huachia na raba haiachii. Halafu nilipanda vilima. Wakubwa waliniita Bwana Sindano. Watoto hawakuniita chochote, walikimbilia migombani.

Ninyi mnaotumwa siku hizi kwa pikipiki mnapanga safari kwa kuangalia tangi la mafuta. Sisi tulipanga kwa kuangalia barafu. Kabla ya kupeleka chanjo njia mpya, Bwana Afya alinilazimisha kuipita kwanza na boksi tupu, yeye akinifuata kwa miguu, mikono nyuma. Alinionyesha mahali pa kukokota, na Ngara ni vilima, hivyo mwenye baiskeli wa kwetu huikokota karibu nusu ya safari yake. Alinionyesha mteremko wa kubana breki hata kama umechelewa, kwa kuwa kichupa ni kioo. Alinionyesha vituo vya kivuli, mti huu wa mvumu, kisha mvumu ule, mahali pa kusimamisha boksi lipoe wakati mimi napumua.

Baada ya hayo alinifundisha kitu ambacho sikukikuta katika mafunzo yoyote. Alikiita nafasi ya ngobyi.

Ngobyi ni machela yetu Wahangaza, kapu refu la kusukwa lililofungwa kwenye miti miwili. Mgonjwa hulala humo, wanaume wanne humwinua mabegani, na wengine hufuata nyuma ili wapokezane. Mwanamume mzima akikutana na ngobyi njiani haulizi ni ya nani. Hutua alichobeba, hupokea mti, hubeba mpaka apokewe na mwingine. Vivyo hivyo ukikutana na msiba unashuka. Ukikutana na mkubwa wako unashuka pia na kumwamkia ukiwa umesimama chini, kwani shikamoo inayotolewa juu ya baiskeli kwetu si shikamoo.

"Sasa weka muda wa mambo hayo katika safari yako," Bwana Afya aliniambia. "Kama barafu yako haitoshi kubeba salamu za njiani, ongeza barafu. Usipunguze salamu."

"Na nisipokutana na mtu?"

"Utafika mapema, utapumzika. Nani aliyewahi kufa kwa kufika mapema?"

Nilifanya hivyo kwa miaka. Nimebeba ngobyi ambazo mpaka leo sijui aliyekuwamo. Nikifika kitongojini nimelowa jasho, bega limechubuka, kina mama walikuwa wameshajua sababu ya kuchelewa kwangu, nao walinisogezea mtoto bila maneno mengi.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo. Nilikaa Nyamigogo, kisha Nemba, nchi iliyolala kuliko ya kwetu, ambako adui wa barafu ni jua tu na adui wa mwenye barafu ni msitu. Kwenye barabara ya msituni hukwenda peke yako. Ulisubiri wenzako wenye baiskeli za ndizi mkavuka kwa kundi, na aliyepata pancha mlimsubiri nyote, mkimlaani kimoyomoyo. Kutoka huko nilipelekwa Tabora kwa mafunzo. Niliendesha baiskeli mpaka Kahama, nikaendelea mpaka Isaka, nikaipakia kwenye behewa la mizigo la treni, na usiku wote nilishuka kila stesheni kwenda kuhakikisha kwamba bado ipo. Mkufunzi wa Tabora alikuwa mkali na mwenye sauti ndogo. Alitufundisha mnyororo baridi, yaani chanjo isitoke kwenye baridi hata mara moja tangu kiwandani hadi mkononi mwa mtoto.

"Samaki akioza mnamnusa," alisema. "Chanjo ikioza inanyamaza. Utamchoma mtoto maji, mama atakushukuru, na mtoto atakufa."

Maneno hayo nilirudi nayo Ngara, na nilirudi wakati mbaya.

Wakimbizi walikuwa wameshavuka mpaka na kujaa kambini. Sitasimulia walivyovuka, wapo waliosimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa mtu wa njia, na nitasema njia ilivyobadilika. Mtu aliyepewa mahindi ya msaada lazima ayapike, na kupika kunataka kuni. Mivumu yangu ilianza kuondoka. Nilipita wiki hii nikakuta matawi yamekatwa, nikapita wiki ya pili nikakuta kisiki, na ya tatu nikakuta shimo, kwani hata mizizi ilichimbwa. Wenyeji nasi tulikata na kuwauzia, tusijifanye malaika. Niliona huruma na niliona hasira, na sikuwa na mahali pa kuweka kimojawapo.

Vivuli viliisha. Mafuta ya taa yalikuwa ya kugombania, jokofu likawa linagandisha nusu ya pakiti zake. Gari la wilaya lilishinda kambini. Vijana nao walikwenda kambini kutafuta vibarua vya kupakua malori na kulinda maghala, vilimani wakabaki wazee, wanawake na watoto. Kisha surua ikatoka kule kwenye msongamano na kuanza kutembea kijiji kwa kijiji.

Hapo ndipo alipoletwa Mratibu wa Chanjo mpya. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, viatu vyake vimepigwa rangi, na hakujua Kihangaza hata cha kuombea maji. Msimcheke. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi katika hema la surua kambini. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba kazi ya Mratibu kila asubuhi ilikuwa kutenganisha watoto waliolala na watoto waliokufa. Mtu aliyefanya kazi hiyo huoni jambo la kumwambia.

Kitongoji kilichotutia hofu kiliitwa Ruhuma, juu kabisa, ambako kliniki ilikuwa haijafika kwa muda mrefu. Surua ilikuwa imeshafika kitongoji cha bondeni. Tulikaa na Mratibu kwenye benchi la zahanati kupanga safari, kila mtu na baiskeli yake. Nilimtajia mahali pa kukokota, mahali pa kubana breki, kisha nikasema, "Na hapa katikati tunaweka nafasi ya ngobyi."

"Nafasi ya nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu.

"Deo, barafu ni nusu. Vivuli umesema havipo. Hiyo nafasi tuitoe wapi?"

Bwana Afya alisema ongeza barafu, na barafu ya kuongeza haikuwapo. Tuliiondoa.

Siku yenyewe tuliondoka kungali na umande. Mratibu alikokota vizuri kuliko nilivyomdhania, ingawa viatu vilimtesa. Mto wa bondeni tulikwishauvuka, na tulikuwa katikati ya kilima cha mwisho nilipoisikia ngobyi kabla ya kuiona, kwa ile milio ya kapu inapobebwa. Iliteremka kutoka Ruhuma. Wabebaji walikuwa wanne tu, na nyuma hapakuwa na mtu wa kupokea. Mmoja wa wanne hao alikuwa Mzee Petro, mzee aliyestahili kubaki nyumbani akiota jua. Tulisogea pembeni.

"Shikamoo, Mzee Petro."

"Marahaba, Bwana Sindano. Afadhari umekuja. Pokea hapa, bega rimekufa." Alikuwa analia bila kuficha. "Ni Skolastika, mke wa mwanangu. Tangu jana mtoto hatoki. Mwanangu yuko kambini, hajui."

Walikuwa wanampeleka hospitali ya misheni, chini kabisa, ng'ambo ya mto. Nilikwisha kuegemeza baiskeli yangu kwenye ukingo wa njia. Mratibu alinishika mkono.

"Mzee, tusamehe," alimwambia Mzee Petro. "Tumebeba chanjo ya watoto wenu. Barafu inayeyuka." Kisha akaniambia mimi kwa sauti ya chini, "Ngobyi ina mtu mmoja. Boksi lina kitongoji kizima. Twende."

Ndani ya kapu niliona mkono wa Skolastika umeng'ang'ania ukingo. Walikuwa wawili mle, si mmoja, lakini hesabu ya Mratibu isingebadilika kwa hilo, na hata leo nikiipiga upya sioni alipokosea. Alikuwa mkuu wangu. Alikuwa ameona asichotaka kukiona tena. Nilichukua baiskeli nikakokota, na Mzee Petro aliinamisha kichwa tu na kurudisha bega chini ya mti.

Hatukwenda mbali. Nyuma yetu mmoja wa wabebaji alipaza sauti kuelekea juu, ile sauti ndefu tunayotumia kupelekeana habari kutoka kilima hadi kilima. Juu mwanamke aliipokea na kuirusha mbele.

"Wanasema nini?" Mratibu aliuliza.

"Wanasema tumepita."

"Tumepita wapi?"

"Tumepita ngobyi."

Tulifika kwenye kigango cha Ruhuma, kanisa dogo la kitongoji, boksi likiwa baridi. Kipimajoto kilikuwa mahali pake kabisa. Tulitoa meza ya katekista, tukapanga sindano, tukapanga kadi. Mabenchi yalikuwa matupu. Migombani nilisikia vikohozi vya watoto, moshi ulitoka majikoni, kwa hiyo watu walikuwapo. Tulisubiri. Hakuna aliyekuja.

Mwishowe alikuja mwanamke mmoja, mtu mzima, mikono mitupu. Nilimfahamu, Bibi Agripina, aliyekuwa akilea mjukuu wake Evodia baada ya binti yake kufariki. Kila kliniki yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote Ngara, hiyo ndiyo shikamoo pekee niliyowahi kunyimwa marahaba.

"Mmempita Skolastika," alisema kwa Kihangaza.

"Bibi, tulikuwa na chanjo. Ingeharibika."

"Wewe mwanangu ninakujua, ulimbeba baba yangu. Leo umempita mtu wa Ruhuma, anakufa. Sasa unataka nikupe Evodia umtie kitu mwilini? Mkono uliokataa mti?"

Alikwenda kuketi kwenye ngazi za kigango akatugeuzia mgongo.

Mratibu aliniuliza, nikamtafsiria yote. Aliwaka. "Wanataka watoto wao wafe? Uliwaambia surua iko bondeni?"

"Wanajua. Wamezika huko."

"Sasa ni nini?"

"Mratibu, sindano wanaiamini kwa sababu wanamwamini anayechoma. Hawana kitu kingine cha kuiaminia."

Alizunguka meza. Aliliangalia boksi, akaliangalia tena. Nilidhani atasema tufunge turudi. Badala yake aliuliza, "Ngobyi itakuwa imefika wapi?"

"Kwa wabebaji wanne, haijafika mtoni."

Alivua saa akaiweka mezani. "Usifungue hilo boksi mpaka mama wa kwanza akae hapa na mtoto. Kila ukilifungua unaliua." Akapanda baiskeli yake, na mteremko ule ambao mimi huubana breki yeye aliuachia. Nilimwona anatoweka kwenye kona nikasema moyoni, huyu atakufa yeye kabla ya Skolastika.

Nilibaki na boksi. Jua lilipanda, na pale kigangoni palipokuwa na mvumu mkubwa palikuwa na mwanga mtupu. Nililihamisha boksi kufuata kivuli cha ukuta, kivuli nacho kilizidi kuwa chembamba. Bibi Agripina alikuwa palepale, mgongo kwangu.

Kisha ile sauti ikaja kutoka chini, ikapokewa, ikafika kwetu: yule mrefu ameshika mti. Mzee Petro ameachia, mrefu ameshika.

Bibi Agripina alisimama. Alinitazama mara moja, akaondoka kwa haraka kuelekea kwake, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, ng'ambo ya kilima. Wa karibu walianza kutoka migombani na watoto mgongoni. Nililifungua boksi. Pakiti zilikuwa maji, lakini maji baridi, na kipimajoto kilikuwa bado upande wa ndani wa mstari wa mwisho wa baridi. Nilichanja bila kuinua kichwa. Mama alikaa, mtoto akalia, kadi, mwingine. Kila baada ya watoto wachache nilitazama kipimajoto, nacho kilikuwa kinapanda polepole kama mtu asiye na haraka na wewe.

Kikavuka mstari. Nilikiacha kidogo nikakitazama tena, kwa ujinga wa kutumaini. Nilifunga boksi. Benchini bado walikuwapo kina mama, na njiani, akihema, alikuwa anakuja Bibi Agripina na Evodia mgongoni.

"Imeisha nguvu, Bibi. Tutarudi."

Aligusa pembeni mwa boksi kwa kiganja. "Mbona bado lina baridi?"

"Baridi hii haitoshi. Nikimchoma, nitamchoma maji."

"Mchome hivyo hivyo."

"Siwezi, Bibi."

Ningeweza kumchoma yale maji. Angeshukuru, angekwenda nyumbani na amani. Nilimkumbuka mkufunzi wa Tabora na samaki wake, nikakataa.

Mratibu nilimkuta Mbuba siku iliyofuata. Alikuwa ameibeba ngobyi hadi hospitali bila kuuachia mti, maana hakukuwa na wa kumpokea, na bega lilikuwa limevimba hata shati halikumkaa. Viatu alivitupa.

"Mama yupo," alisema. "Mtoto ametoka amekufa. Daktari anasema wangefika mapema kidogo..." Kisha akauliza, "Umechanja wote?"

"Karibu nusu."

Alikaa kwenye lile benchi tulilopangia safari, akatazama mikono yake. "Basi tumekosa huku na tumekosa huku," alisema.

Tulipanga kurudi Ruhuma upesi. Mafuta ya taa yalichelewa, na surua haikuchelewa. Evodia alikuwa miongoni mwa waliozikwa. Nilikwenda msibani kwa miguu, nikiwa nimeiacha baiskeli nyumbani, na Bibi Agripina alinipa kigoda nikae, akanipa maji ya kunawa, hakunipa neno.

Mratibu alikaa nasi mpaka alipohamishwa. Hakuwahi tena kupanga safari bila nafasi ya ngobyi. Palipokosekana barafu ya kutosha, tulipunguza vitongoji vya siku ile, naye aliandamwa sana na wakubwa wake kwa sababu hiyo. Mimi niliendelea na baiskeli ile, nikibadilisha tairi, tyubu, spoku na hata fremu, mpaka siku ya kustaafu nilipoikabidhi nikapewa soda na hotuba.

Vijana huniuliza nani alikosa siku ile. Wanapenda jibu, na mimi sina. Mratibu alikuwa na haki, Mzee Petro alikuwa na haki, Bibi Agripina alikuwa na haki, na makaburi yakachimbwa. Ninachowaambia ni kwamba mnapopanga safari mkaona mambo hayaenei, jambo la kwanza mnalolifuta huwa ni mtu wa njiani, kwa kuwa hamjui kama atakuwapo. Hilo lifuteni mwisho.

Mvua za miaka michache iliyopita zilikata barabara ya gari ya Ruhuma. Nilikuwa nateremka kutoka shambani na jembe langu nilipoisikia ile milio ya kapu. Wabebaji walikuwa vijana wenye nguvu, wengi, wanapokezana kwa kicheko cha kujipa moyo. Hawakunihitaji hata kidogo. Niliweka jembe chini, nikapita katikati yao, nikatia bega chini ya mti.

"Mzee, acha, tutabeba sisi," mmoja alisema.

"Nipishe."

Nilibeba. Kutoka ndani ya kapu sauti kavu ikauliza, "Ni nani huyo mfupi anayeniinamisha upande?"

"Ni Bwana Sindano, Bibi. Shikamoo."

Bibi Agripina aliitikia tulipofika kwenye ile kona ya katikati ya kilima, pale tulipokutana na Skolastika.

"Marahaba," alisema. "Leo hukupita."